Pedali ya gitaa haionekani kwenye kompyuta: anza na waya kabla ya kwenda kwa fundi

Wapiga gitaa wengi wanaotuletea nyimbo hapa redioni siku hizi hawaendi tena studio za mjini. Wanarekodi nyumbani, kanisani au kwenye chumba cha mazoezi, kwa laptopu moja na pedali moja ya efekti yenye tundu la USB. Njia hii ni nafuu, lakini ina swali ambalo tunaulizwa mara kwa mara: nimechomeka pedali, taa imewaka, mbona kompyuta haina habari nayo?

Swali hili lina gharama yake. Msikilizaji wetu mmoja, mpiga solo wa kwaya, aliambiwa na fundi kwamba pedali yake imeungua ubao, bora aiuze kama spea. Pedali hiyo wanakwaya walikuwa wameichangia kwa miezi kadhaa. Alipopita kituoni kutuletea wimbo, fundi mitambo wetu alimpa waya mwingine ajaribu. Pedali ikaonekana kwenye kompyuta kabla mwenyewe hajakaa vizuri. Ubao ulikuwa mzima. Waya aliokuwa akiutumia ulikuwa wa kuchajia simu tu.

Makala hii ni kwa ajili yake na kwa wengine walio mbali na maduka ya vyombo vya muziki. Zifuate hatua kwa mpangilio wake. Za mwanzo hazikugharimu chochote, na ndizo zinazomaliza shida mara nyingi.

Waya mmoja, kazi tatu

Kwanza tuelewane juu ya kinachopita kwenye waya wa USB. Kuna umeme. Kuna amri, yaani mazungumzo ya MIDI yanayoiwezesha kompyuta kubadilisha milio iliyomo ndani ya pedali. Na kuna sauti yenyewe ya gitaa inayokwenda kurekodiwa. Kazi hizi tatu hazitegemeani. Moja inaweza kufanya kazi huku nyingine imekwama, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea.

Kwa hiyo angalia shida yako iko wapi:

- Taa inawaka, lakini kompyuta haioni kitu kabisa: anza na waya, tundu na draiva.
- Kompyuta inaiona pedali, lakini programu ya kupangia milio inasema haijaunganishwa: shida iko upande wa MIDI.
- Milio inabadilika vizuri, lakini hakuna sauti ya kurekodi: angalia mipangilio ya sauti, au pengine pedali yako haikutengenezwa kupeleka sauti kwa USB.

Hilo la mwisho limewasumbua wengi. Kuwa na tundu la USB si ushahidi kwamba pedali inapeleka sauti. Zoom G1 Four, kwa mfano, hutumia tundu lake kwa umeme, kwa kupanga milio na kwa kusasisha programu yake ya ndani, basi. Ukitaka kurekodi sauti yake lazima upitie jeki ya kutolea sauti. Boss GT-1 yenyewe inapeleka sauti na amri kwa waya uleule, ila inahitaji draiva. Kabla ya kupoteza usiku mzima, fungua kitabu cha maelekezo utafute maneno "USB audio" au "audio interface". Yasipokuwepo, acha kuitafuta sauti kwenye USB.

Hatua ya 1: Jaribu waya

Waya wa kawaida wa USB 2.0 una nyaya ndogo nne ndani yake. Mbili ni za umeme wa volti 5, na mbili ni za kupitishia data. Baadhi ya nyaya za bei rahisi za kuchajia simu zina zile mbili za umeme peke yake. Ukiutazama waya kwa nje huwezi kujua. Taa ya pedali itawaka, kwa sababu umeme unafika, lakini kompyuta haitaona chochote kwa sababu njia ya data haipo.

Namna ya kuujua ni rahisi. Kama pedali yako inatumia tundu dogo kama la simu, chukua waya huohuo, unganisha simu yako na kompyuta, kisha kwenye simu chagua kuhamisha mafaili. Picha zikionekana kwenye kompyuta, waya unapitisha data. Zisipoonekana, jaribu simu nyingine. Zikikataa tena, tafuta waya mwingine.

Kama tundu la pedali ni lile la mraba, lifanane na waya wa printa. Nenda kwenye duka la vifaa vya ofisi wanapochapa na kutoa kopi, uazime waya wa printa yao kwa dakika tano. Waya huo lazima upitishe data, maana bila data printa isingechapa hata ukurasa mmoja.

Tumia waya mfupi. Kwa USB 2.0 urefu wa mwisho ni mita 5, lakini mita moja au mbili ni salama zaidi. Usipitie kigawanyio chenye matundu mengi. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta.

Hatua ya 2: Tundu na umeme

Badilisha tundu la kompyuta. Laptopu iliyotumika sana huwa na tundu lililolegea au lenye vumbi. Chomeka kwa utulivu, halafu tikisa waya kidogo sana. Kama kompyuta inalia kana kwamba kifaa kimeingia na kutoka, tundu mojawapo limelegea, la kompyuta au la pedali.

Kisha angalia umeme wa pedali yenyewe. Tundu la kawaida la USB 2.0 linatoa hadi miliampia 500. Baadhi ya pedali zinatosheka na hizo. Nyingine haziwaki kwa USB kabisa. Zinataka betri au adapta. Pia pedali nyingi za betri haziwaki mpaka jeki ya gitaa iingie kwenye tundu la INPUT. Wapo wanaochomeka USB peke yake na kudhani pedali imekufa, kumbe inasubiri jeki.

Hapa tunatoa onyo. Usichukue adapta ya king'amuzi au ya ruta kwa sababu tu ncha yake inaingia. Pedali nyingi zinatumia volti 9, na ncha ya katikati ni hasi. Adapta nyingi za vifaa vya nyumbani zina volti 12, na ncha ya katikati ni chanya. Soma mchoro mdogo wa duara wenye alama za kujumlisha na kutoa kwenye adapta na kwenye pedali. Isipolingana, usiichomeke. Kosa hilo ndilo linaloweza kuunguza ubao kweli.

Hatua ya 3: Draiva

Draiva ni programu ndogo inayoieleza kompyuta hiki ni kifaa gani na kinazungumza vipi. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, kisha chagua Device Manager. Chomeka pedali huku ukiangalia orodha. Mambo matatu yanaweza kutokea.

Orodha isipotikisika hata kidogo, rudi hatua ya 1 na ya 2. Hiyo si shida ya draiva. Kikitokea kifaa chenye alama ya mshangao ya njano, waya ni mzima na kompyuta imehisi kitu, ila haikijui. Hapo ndipo draiva inapohitajika. Jina la pedali likitokea bila alama yoyote, draiva iko sawa, nenda hatua inayofuata.

Draiva chukua kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza pedali. Hutolewa bure. Usishushe kutoka tovuti nyingine zinazodai kukutafutia draiva. Nyingi zinakuletea programu usizozihitaji, na nyingine ni virusi. Angalia pia kwamba umechagua toleo la Windows ulilonalo. Kama bando ni dogo, shusha draiva peke yake kwanza, au mwombe mtu wa mjini akushushie na kukuletea kwenye flashi.

Mpangilio nao una maana. Mara nyingi draiva inatakiwa kuwekwa kabla pedali haijachomekwa. Chomoa pedali, weka draiva, zima kompyuta na kuiwasha tena, ndipo uchomeke.

Wenye kompyuta za Mac, tangu toleo la 10.13 la mwaka 2017, mfumo huzuia draiva za namna fulani mpaka mwenyewe utoe ruhusa. Ukishaiweka, fungua mipangilio ya usalama na faragha utafute ujumbe unaosema programu imezuiwa, kisha uiruhusu.

Baadhi ya pedali zina chaguo la namna mbili ndani ya menyu yake: kutumia draiva ya kampuni au draiva ya kawaida iliyomo tayari kwenye kompyuta. Ya kawaida huwa na mambo machache, lakini inasaidia ukikosa intaneti.

Hatua ya 4: Programu ya milio inasema haijaunganishwa

Umeona pedali kwenye orodha ya kompyuta, lakini programu ya kupangia milio inakataa. Funga programu zote za muziki kwanza. Kwa muda mrefu Windows imekuwa ikiruhusu programu moja tu kushika njia ya MIDI ya kifaa kwa wakati mmoja. Kama programu ya kurekodi ilifunguliwa mwanzo na kuishika njia hiyo, programu ya milio itabisha hodi bila kufunguliwa.

Fuata utaratibu huu: washa pedali, chomeka waya, subiri kama sekunde kumi, ndipo ufungue programu ya milio. Ndani ya mipangilio yake chagua jina la pedali yako mahali pa kuingilia MIDI na mahali pa kutokea. Wengi huchagua pamoja wakasahau pengine.

Hakikisha pia umeshusha programu inayohusu pedali yako hasa. Kampuni moja inaweza kuwa na programu kadhaa zenye majina yanayokaribiana, na ya pedali ya jirani haitaitambua yako.

Hatua ya 5: Sauti haiingii

Programu ya kurekodi haichagui pedali yenyewe. Bila kuambiwa, huendelea kutumia maikrofoni ya laptopu. Dalili yake ni kwamba unapiga gitaa, sindano ya sauti inacheza, lakini ukisikiliza unasikia jogoo wa jirani na mlio wa nyuzi kwa mbali. Kwenye Audacity, ambayo ni ya bure, fungua mipangilio ya sauti na uchague pedali mahali pa kurekodia.

Ukitumia programu kama Reaper kwenye Windows, chagua ASIO, kisha draiva ya pedali. ASIO ni njia ya sauti iliyobuniwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ili kupunguza kuchelewa. Lakini ujue jambo hili: ukiichagua pedali kwa ASIO, sauti ya kusikiliza nayo inarudi kwenye pedali. Spika za laptopu zitanyamaza. Watu hudhani wameharibu kitu. Chomeka hedifoni kwenye pedali, sauti utaikuta huko.

Bado kimya? Angalia mambo haya matatu. Moja, kwenye mipangilio ya faragha ya Windows, sehemu ya maikrofoni, hakikisha programu zimeruhusiwa. Kwa Windows, pedali inahesabiwa kama maikrofoni. Mbili, ndani ya pedali kuna kiwango cha sauti ya USB. Kikiwa sifuri hakuna kitakachofika. Tatu, kasi ya sampuli. Baadhi ya pedali, kama Boss GT-1, zinafanya kazi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde. Nyingine, kama Helix za Line 6, asili yake ni 48,000. Programu ya kurekodi ikitaka namba nyingine, sauti inaweza kukataa kuingia au kuja na mikwaruzo. Zilinganishe.

Hatua ya 6: Mvumo, mwangwi na kuchelewa

Sauti ikiingia na mvumo, chomoa chaji ya laptopu kwa dakika moja. Mvumo ukikoma, unatokana na chaji, si pedali wala gitaa. Rekodi ukitumia betri ya laptopu. Usivunje wala kukwepa ncha ya ethi ya plagi kwa kutafuta ukimya. Ncha hiyo inalinda maisha yako. Wanaotumia umeme wa sola wajue kwamba inveta za bei rahisi hutoa mlio wa nyuki kwenye vyombo vya sauti. Nao pia suluhisho lao ni betri.

Ukisikia kila noti mara mbili, sababu ni kwamba unasikia sauti ya moja kwa moja kutoka kwenye pedali pamoja na ile iliyozunguka kwenye kompyuta. Zima ya kompyuta kwenye programu ya kurekodi.

Sauti ikichelewa, punguza bafa, yaani kiasi cha sampuli ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kukifanyia kazi. Kwa kasi ya 44,100, bafa ya 1,024 inachelewesha kwa takriban milisekunde 23 kila upande, na mpiga solo anaisikia. Bafa ya 128 ni kama milisekunde 3. Sauti ikianza kukatikakatika, kompyuta imelemewa. Panda hadi 256.

Kama pedali yako haina USB kabisa

Pedali ndogo za efekti moja, kama Boss DS-1 iliyoingia sokoni mwaka 1978, hazina habari na kompyuta. Hizo zinahitaji kifaa cha katikati, yaani kadi ya sauti ya nje. Jeki ya mwisho ya pedali inaingia kwenye tundu la kadi lililoandikwa INST au Hi-Z, na kadi inaunganishwa na kompyuta kwa USB.

Usichomeke pedali kwenye tundu la hedifoni la laptopu kwa kutumia kipunguzi cha jeki. Jeki ya gitaa ni milimita 6.35 na ya laptopu ni 3.5, hivyo kipunguzi kinaingia, lakini matundu mengi ya laptopu za sasa yanachanganya hedifoni na maikrofoni kwenye ncha nne. Ncha hazikutani inavyotakiwa, na sauti ikipatikana huwa imepasuka.

Na simu je?

Wengi mnatusoma kwa simu, na pengine simu ndiyo kompyuta yenu. Android ilianza kupokea vifaa vya sauti vya USB tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, ingawa si kila simu inakubali. Unahitaji kiunganishi cha OTG. Pedali inayotaka draiva ya kampuni haitafanya kazi, ila kama ina lile chaguo la draiva ya kawaida tulilolitaja. Pedali yenye betri zake au adapta ni bora zaidi, kwa sababu inayokula umeme wa simu itaimaliza chaji mapema.

Hatari kubwa: kusasisha programu ya ndani

Ukitafuta msaada utaambiwa usasishe programu ya ndani ya pedali. Ushauri huo unaweza kuwa sahihi, lakini uache uwe wa mwisho. Wakati wa kusasisha, pedali inafuta programu yake ya zamani na kuandika mpya. Umeme ukikatika katikati, inaweza kubaki haina ya zamani wala mpya, na isiwake tena.

Kwa sisi tunaoishi na umeme wa kukatika, kanuni ni hii: laptopu iwe na chaji kamili na isiwe imewekwa kujizima, betri za pedali ziwe mpya, waya uwe ule uliokwisha kuthibitika, na usiguse chochote mpaka pedali iseme imemaliza. Hifadhi milio yako kwenye kompyuta kwanza, kama programu inakubali. Na kama pedali inafanya kazi vizuri, huna haja ya kuisasisha.

Lini sasa uende kwa fundi

Nenda ukiwa umejaribu nyaya mbili zilizothibitika na kompyuta mbili tofauti, na zote zimekataa. Mwambie fundi hivyohivyo, umwombe aangalie tundu la USB na risasi zake kwanza, kabla ya kugusa ubao. Tundu huchoka kwa kuvutwavutwa, na kulichomelea upya ni kazi ndogo kuliko kubadilisha ubao.

Wakati unasubiri, pedali haijakoma kuwa pedali. Ikiwa inatoa sauti kwenye amplifaya, inapiga jukwaani kama kawaida, na unaweza kurekodi kupitia jeki yake ya kutolea na kadi ya sauti.

Yule mpiga solo wa kwaya alirekodi wimbo wake wiki ileile, kwa waya alioazima. Nanyi mkimaliza kurekodi, tutumieni faili la WAV. Kama ni kwa WhatsApp, litumeni kama hati, si kama ujumbe wa sauti, ili kazi yenu itufikie kama mlivyoipiga.